Upepo wa Tairi, Si Shinikizo

"Hakikisha shinikizo la matairi ni sahihi ili kuboresha ushughulikiaji wa gari nje ya barabara." Sentensi hii imo katika mwongozo wa madereva wa mradi mmoja unaofanya kazi kati ya Masasi na Newala, nami nimeirudia mara kadhaa nikitafuta Kiswahili ndani yake. Maneno yote yamo kwenye kamusi, lakini sentensi haisemwi na mtu yeyote. Dereva anayepanda kutoka Masasi na magunia ya korosho nyuma anajua gari hushughulikiwa gereji, kwa mafundi. Na shinikizo kwake ni neno la zahanati, au la wanasiasa. Wasomaji wa safu hii wanalielewa jambo lenyewe, kwa hiyo nitashughulika na maneno.

Tuanze na shinikizo. Kitenzi shinikiza kimebeba maana ya kubana na kulazimisha. Nakiona kuwa jirani wa shindika, kitenzi cha wakamuaji wa mafuta, na wakulima wa ufuta wa Masasi wanajua kinu kinavyobana mbegu mpaka zitoe kilichomo. Wanasiasa wamelichukua kwa maana hiyo hiyo: mtu hushinikizwa mpaka ajiuzulu. Waganga wakalitumia kwa damu, na hapo sina ugomvi nao, ingawa wagonjwa wenyewe wanaendelea kusema presha. Hata hivyo, asili ya neno ni nguvu itokayo nje na kumwelemea anayebanwa. Ndani ya tairi mambo ni kinyume. Hewa iliyofungiwa inasukuma kuta kutoka ndani, na ndiyo inayolibeba gari. Kusema shinikizo la tairi ni kumgeuza mbebaji kuwa mbebwa.

Mgandamizo una kosa hilo hilo, ila una heshima zaidi. Ganda, gandama, gandamiza: kitu kinalalia kingine mpaka kishikamane nacho. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza mgandamizo mdogo wa hewa katika Bahari ya Hindi, neno limekaa mahali pake, kwa sababu hewa ya angani imetulalia sote. Tairi halikulaliwa na hewa yake.

Halafu kuna kanieneo, neno la vitabu vya fizikia. Aliyeliunda alikuwa na akili: kani ni nguvu, eneo ni mahali inapotawanyika, gawa ya kwanza kwa la pili upate jibu. Lakini neno lililoundwa kwa kanuni ya hesabu hubaki darasani. Kani yenyewe, kabla wanafizikia hawajaitwaa, ilikuwa pia ukaidi. Mtu wa kani ni mbishi. Jaribu kumwambia kijana wa pancha pale Masasi akupunguzie kanieneo. Atakuuliza spea hiyo inauzwa duka gani.

Neno tunalo, na tumekuwa nalo tangu matairi ya mpira yalipotufikia: upepo. Jaza upepo, pima upepo, upepo umezidi, tairi limeisha upepo. Shina lake ni la kale katika lugha za Kibantu. Waganda husema empewo, Wanyanja mphepo. Kwetu limezaa pepea, pepeta, upepeo, kipepeo, na pepo anayempanda mtu kichwani. Mtazame huyo pepo: haonekani, amekaa ndani ya mwili wa mwingine, naye ndiye anayeuendesha. Ni kamati gani ingeieleza hewa ya ndani ya tairi kwa ufasaha kuliko hivyo?

Mpinzani wangu mmoja, msomi anayependa kuandikia magazeti, anadai kwamba upepo ni hewa inayokwenda, na hewa ya tairi imetulia. Tena upepo ni kitu, si kipimo. Asikilize nyumbani kwake taa zinapofifia watu wanasemaje. Wanasema umeme ni mdogo, na kila mtu anaelewa kwamba kilichopungua ni volteji. Hivyo hivyo, anayepima upepo hahesabu hewa iliyoingia. Anasoma geji, akitaja ishirini, thelathini au arobaini, nazo ni pauni kwa inchi ya mraba. Kipimo kimo ndani ya neno siku nyingi, ni wasomi tu waliochelewa kukiona.

Juu ya msingi huo napendekeza majina matatu. Upepo wa lami ni ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa gari, kwa barabara ngumu na mwendo wa kawaida. Upepo wa mzigo ni ule unaozidishwa nyuma kwa ajili ya magunia. Upepo wa mchanga ni ule unaoshushwa kwa makusudi. Safari ya Masasi na Newala inaweza kuyadai yote matatu kwa siku moja. Masasi imekaa chini, katikati ya milima ya miamba iliyosimama mmojammoja. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu linapotazama bonde la Ruvuma. Udongo wa huko juu ni wa kichanga na hunyonya maji upesi. Kiangazi, minada ya korosho inapoanza, njia zisizo na lami hugeuka vumbi laini linalomeza magurudumu.

Gurudumu lililobeba kilo 600 kwa upepo wa 35, kwa hesabu ya darasani, linakanyaga ardhi kwa sentimita za mraba zipatazo 245. Shusha hadi 18, na wayo huo unakaribia kuwa maradufu, ukirefuka zaidi kuliko kupanuka, gari lipite juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ralph Bagnold, ofisa wa jeshi la Uingereza, alivuka majangwa ya Misri na Libya katika miaka ya 1920 na 1930 kwa maarifa hayo hayo ya kupunguza upepo. Lakini gharama yake huonekana kwenye usukani. Ubavu laini hujipinda kwanza ndipo gurudumu lifuate, kwa hiyo usukani huwa mzito na gari huchelewa kuitikia. Ukikata kona kwa kasi, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Upepo ukizidi, usukani huwa mwepesi, ila tairi hudundadunda juu ya mawe, na tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki.

Hapo ndipo ule ushughulikiaji unapostahili kuzikwa. Dereva husema gari limetulia, au linayumba, linavuta kushoto, linapepesuka. Upepo wa tairi la mbele kulia ukiwa mdogo kuliko wa kushoto, gari huvuta kulia. Matairi ya nyuma yakiwa laini chini ya mzigo, mkia hupepesuka. Tabia hii naiita mpepesuko, na kinyume chake utulivu. Pepesuka imetoka kwenye ukoo ule ule wa pepea na upepo, kwa hiyo chanzo na matokeo yake ni ndugu wa damu. Bahati ya namna hiyo haimjii mtunga istilahi kila siku, na ikimjia haifai kutupwa kapuni.

Ilitupwa. Pendekezo hili niliwahi kulifikisha mbele ya kamati moja, likarudi na neno moja pembeni: "mtaani". Sikupewa hoja wala saini. Naomba nikumbushe kwamba Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, aliokota msamiati wake kwa wasemaji wa Unguja, si kwenye kikao chenye posho. Ni Steere huyo huyo, akiwa askofu, aliyewaongoza watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876. Kama mtaa ulimtosha yeye, wajumbe wetu nao ungewatosha.

Kuhusu matumizi, machache yanatosha. Pima tairi likiwa baridi, kwa kuwa likipata moto upepo hupanda. Ukiwa kwenye upepo wa mchanga nenda taratibu, na ukifika kwenye lami jaza kabla ya kuendelea, maana tairi laini likikimbizwa hupata moto ubavuni na kupasuka.

Nanyi mnaotafsiri miongozo ya madereva, kabla ya kupiga chapa pitieni kwa fundi pancha mumsomee sentensi zenu kwa sauti. Ile ya mwanzo iandikwe hivi: "Pima upepo kabla ya safari, gari lisipepesuke." Ni fupi, dereva ataielewa mara moja, na mwanafizikia hatapata kosa ndani yake.