Nguvu za Wananchi

Katika hesabu za shule na zahanati zetu kuna mstari unaoitwa "nguvu za wananchi". Tripu za mawe na mchanga, ndoo za maji, siku za kuchimba msingi: vyote hugeuzwa kuwa shilingi. Mimi ni mhasibu, mstari huo naujua vizuri, lakini hauelezi kwa nini watu walikuja.

Kwa Wairaqw jibu la zamani ni aya, eneo lenye mipaka yake na wazee wake. Aliyetaka kulima au kujenga aliwaita majirani na kuandaa pombe. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyesahau nani alifika. Asiyekwenda kwa wenzake angelima peke yake mwaka unaofuata. Tusiipambe sana: lilikuwa deni, ila halikuandikwa popote.

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wake wa maendeleo Mbulu. Vichaka vya mbung'o vilifyekwa, na malisho mapya yalipofunguka watu walihamia. Amri ya kupunguza mifugo ilikuwa jambo jingine. Ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni heshima. Nani ajitolee kumpunguza?

Baada ya Uhuru kujitolea kukawa wito wa taifa, na barabara na madarasa mengi yalitokana na wito huo. Lakini neno hilohilo lilikuja kutumika hata kwa michango iliyodaiwa na mgambo mlangoni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo lilipochakaa.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mlima Hanang uliporomosha tope, mawe na magogo hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu 89 walipoteza maisha. Wananchi walichimba tope bega kwa bega na askari wa JWTZ na watu wa Msalaba Mwekundu. Nguo, unga na mablanketi vilitoka mikoa ambayo hakuna mtu wa huko anayetudai siku ya kulima. Deni la aya halielezi hilo. Waliona, wakaguswa, wakatoa.

Sisi tulioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hatuwezi kufika na jembe, ndiyo maana kijitabu hiki kinaomba fedha. Tofauti ni kwamba mwenye jembe aliuona msingi ukipanda, na anayetuma kwa simu haoni kitu. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkishatuma dai picha ya jengo, risiti na salio. Mkicheleweshewa, ulizeni tena.