Tarehe 28 Agosti ianzie 1955

Wanaoikumbuka tarehe 28 Agosti katika historia ya Marekani mara nyingi huanza na mwaka 1963. Kwa maoni yangu, tuanzie miaka minane nyuma yake, jimboni Mississippi.

Usiku wa kuamkia tarehe hiyo, mwaka 1955, Roy Bryant na J. W. Milam, Wazungu wawili, waliingia nyumbani kwa mzee Mose Wright karibu na Money, wakamchukua Emmett Till. Alikuwa mtoto Mweusi wa miaka 14, kaja kutoka Chicago kuwatembelea jamaa zake. Alidaiwa kumvunjia heshima mke wa Bryant dukani. Walimtesa, wakampiga risasi, wakamfunga shingoni feni ya mashine ya kuchambulia pamba, wakamtupa katika mto Tallahatchie.

Mama yake, Mamie Till, alikataa jeneza lifungwe. Maelfu walipita Chicago kuutazama uso ulioharibiwa, na jarida la Jet likachapisha picha. Mahakamani, mzee Wright alisimama akawanyooshea kidole washtakiwa. Kwa Mweusi wa Mississippi zama zile, huko kulikuwa kuiweka roho rehani. Wanaume 12 wa baraza la kuamua kesi, Wazungu watupu, waliwaachia huru baada ya kushauriana kwa saa moja hivi. Miezi michache baadaye wawili hao walikiri mauaji katika jarida la Look, wakalipwa fedha, na sheria haikuruhusu wahukumiwe tena kwa kosa lile. Sheria ya shirikisho dhidi ya mauaji ya aina hiyo, yenye jina la Emmett Till, ilisainiwa Machi 2022.

Tarehe 28 Agosti 1963, watu wapatao 250,000 walijaa Washington. Hotuba ya Martin Luther King imeyafunika mengine yote, nami nasikitika, kwa sababu waandamanaji walidai ajira pamoja na uhuru, tena kwa tarakimu: kima cha chini cha mshahara, dola 2 kwa saa. A. Philip Randolph, kiongozi wa wahudumu wa mabehewa ya kulala ya treni, alikuwa na wazo la maandamano hayo tangu 1941. Mpangaji mkuu alikuwa Bayard Rustin. Asubuhi hiyo habari ilifika kutoka Accra: W. E. B. Du Bois, msomi na mpigania haki za Weusi, alikuwa amefariki akiwa na miaka 95, na Roy Wilkins, mmoja wa viongozi wa maandamano, akautangazia umati.

John Lewis, kiongozi wa wanafunzi mwenye miaka 23, alikuja na hotuba kali. Wakubwa zake walimsihi ailainishe, naye akakubali kwa heshima ya Randolph.

Miaka 45 baadaye, siku ileile, Barack Obama, mwana wa Mkenya aliyekwenda kusoma Hawaii mwaka 1959, alikubali mjini Denver uteuzi wa chama cha Democratic kugombea urais. Ratiba ya mkutano huo wa chama ilikuwa imepangwa kabla hajashinda kura za mchujo, kwa hiyo tarehe haikuchaguliwa kwa ajili yake. Lewis, wakati huo mbunge wa Georgia, alihutubia hapo jioni hiyo.