Ngozi, Pamba na Nailoni: Mavazi ya Masama

Nguo ni sitara ya mwili, na pia ni kumbukumbu ya biashara. Atakaye kujua jinsi mlima Kilimanjaro ulivyofungamana na ulimwengu si lazima aanze na vita wala mikataba. Yatosha atazame kilichovaliwa Masama, jirani na Machame, tangu zama za ngozi mpaka zama zetu.

Wazee wa Kichaga walivaa ngozi za ng'ombe na mbuzi. Ngozi ilizuia upepo, lakini ilikuwa nzito, na ikinyeshewa ilikakamaa. Kisha misafara ya pwani ikapanda mlima na vitambaa vya pamba. Marekani ilipofanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, vitambaa vya viwanda vya Massachusetts vilizidi kumiminika Unguja. Viliitwa merikani, na huko bara vilikuwa kama fedha. Johannes Rebmann, aliyefika Machame mwaka 1848, alirudi mwaka 1849 na vitambaa na ushanga vya kumfikisha Unyamwezi. Mali hiyo iliishia mikononi mwa Mangi Mamkinga, na safari ikafa. Mtu asiye na kitambaa hakuwa na nauli.

Baadaye kahawa ikaleta fedha. Chama cha wakulima cha mwaka 1925, na KNCU kilichokirithi mwaka 1933, viliwawezesha wakulima kuuza mazao yao kwa pamoja, na mapato hayo yakanunua kaniki, kanga, kaki na sweta za sufu.

Nguo ya tatu haikutoka kwa mnyama wala mmea. Nailoni iligunduliwa Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake. Poliesta ilifuata Uingereza mwaka 1941, kwa kazi ya Whinfield na Dickson. Siku hizi nyingi ya nyuzi hizo asili yake ni mafuta ya petroli. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba imezieneza mno, na soko la Memorial mjini Moshi lajulikana kwa biashara hiyo. Mwanamke aliyechota maji ya kufulia na kupuliza pasi ya makaa alikuwa na haki ya kufurahi: nguo hizi hukauka upesi wala hazijikunji. Lakini wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda.

Basi na tuzipime kwa haki. Kwanza, jasho. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu upatao asilimia 8 ya uzito wake; poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo mchuma kahawa huona pamba ina raha wakati wa jua. Lakini katika ukungu wa Julai pamba iliyolowa humtetemesha, na sufu humkinga kuliko zote. Pili, moto. Pamba hushika moto kwa wepesi ikawa majivu; poliesta huyeyuka, ikagandamana na ngozi ya mpishi aliyeinamia mafiga. Hapo hapana iliyo salama, ila kila moja ina hatari yake.

Tatu ni ardhi, na hapa mizani yalemea upande mmoja. Kihamba huishi kwa kurudishiwa: samadi, majani na majivu huenda shinani mwa mgomba. Ngozi kuukuu na tambara la pamba navyo huoza. Tambara la nailoni hufukiwa na baba, likafukuliwa na jembe la mwana. Tena kila lifuliwapo humwaga vinyuzi visivyoonekana kwa macho, vikafuata maji mpaka kwa walioko bondeni.

Sisemi turudi kwenye ngozi. Maskini aliyepata koti la bei nafuu hastahili lawama. Lakini zamani bei ya nguo ilikuwa pembe au kahawa, ikalipwa ikaisha. Ya nguo hizi hulipwa mara mbili: mara ya kwanza sokoni, na mnunuzi, mara ya pili shambani, na watu wasiozivaa kamwe.