Unapanda boti wikiendi hii? Kagua mambo haya 6 kabla hujaondoka ufukweni

Umefika Nungwi, bahari imetulia, nahodha anawaharakisha mpande muwahi Mnemba kabla maji hayajakupwa. Unauliza majaketi okozi yako wapi. Jibu: "Yapo chini ya kiti dada, usijali."

Hapo hapo jali. Boti ikipinduka, hakuna anayepata muda wa kuinama chini ya kiti.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kinakaribia gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho, na bado haikuwasaidia.

Mengi yanayookoa maisha majini unayaamua ukiwa bado umesimama mchangani.

1. Vaa jaketi, usilikalie

Livae na ulifunge vifungo vyote kabla injini haijawashwa. Kisha jipime: mtu alivute juu mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au hujalikaza vizuri.

Mtoto avae la saizi yake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. La mtu mzima litamvuka akiingia majini. Tyubu ya gari na maboya ya kuchezea si mbadala.

2. Imejaa? Usipande

Uliza boti inabeba watu wangapi, kisha hesabu waliomo. Angalia na mizigo. Kama maji yanakaribia ukingo kabla hata hamjaondoka, subiri inayofuata. Bora nauli ipotee.

3. Soma hali ya hewa kwenye simu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Dakika mbili zinatosha kuangalia.

Baharini, kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, hasa Juni hadi Agosti. Ziwa Victoria, dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri. Ukiona wavuvi wenyewe wamevuta mitumbwi nchi kavu, ahirisha safari.

4. Pomboo wakitokea, kaa ulipo

Kizimkazi hili hutokea sana: mmoja anapiga kelele "wale pale!" na wote wanakimbilia upande mmoja na simu zao. Boti ndogo inalala. Piga picha ukiwa umekaa. Mnapofika gatini, shukeni mmoja mmoja.

Na bia? Ziwe za jioni, mkisharudi. Pombe inapunguza uamuzi na nguvu za kuogelea, na nahodha aliyekunywa hafai kuendesha.

5. Usiruke injini ikiwa inawaka

Pangaboi la boti hukata mwili ndani ya sekunde. Subiri injini izimwe, ndipo uingie. Usiogelee peke yako hata kama unajua sana. Ukiwa kwenye kayaki au jeti ski, jaketi ni lazima, na mwambie mtu aliyebaki ufukweni saa utakayorudi.

Mkondo ukikuvuta kuelekea kina kirefu, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye mkondo, kisha ndiyo urudi nchi kavu. Umechoka? Elea chali, inua mkono, piga kelele.

6. Boti ikipinduka, ishikilie

Boti iliyopinduka mara nyingi huendelea kuelea, na waokoaji huiona haraka kuliko kichwa cha mtu mmoja. Ing'ang'anieni, kaeni pamoja, watoto katikati. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, hivyo usikimbilie kuogelea kwenda huko.

Simu iweke kwenye mfuko usioingiza maji, ikiwa na chaji. Namba ya dharura Tanzania ni 112.

Ukimwona mtu anazama

Usimrukie. Anayezama hushika chochote, na anaweza kukuzamisha wewe pia. Mrushie kamba, mnyooshee mti, au mtupie dumu tupu lililofungwa kizibo.

Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala usimminye tumbo kutoa maji. Hiyo inapoteza muda. Mlaze chali, mwinue kidevu, mzibe pua na umpulizie pumzi mdomo kwa mdomo. Kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, pumzi 2, na urudie hivyo hivyo. Mwingine apige simu.

Hata akizinduka, afike hospitali. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Sasa rudi kwa yule nahodha wa Nungwi. Mwambie ayatoe majaketi chini ya viti, kila mtu avae, ndipo muondoke. Akikataa, ufukwe ule una boti nyingine.