Mchoro na Msemaji Wake: Hatua Inayofuata kwa Tovuti za Ngano na Michoro ya Miambani

Julai 1874 jarida la Cape Monthly Magazine lilichapisha makala ya Joseph Orpen, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amepita katika milima ya Maluti, nchi ambayo leo ni Lesotho. Makala hiyo iliambatana na nakala za michoro ya mapangoni. Aliyemwongoza Orpen milimani mwaka uliotangulia alikuwa Msan aitwaye Qing, na ndiye aliyemsimulia ngano na kumfafanulia baadhi ya michoro, maneno yake yakipitia kwa wakalimani. Nakala zilipofika Cape Town, Wilhelm Bleek, ambaye tangu 1870 alikuwa akiandika simulizi za Waǀxam, jamii ya Wasan wa Afrika Kusini, akisaidiana na shemeji yake Lucy Lloyd, alimwonyesha Diaǃkwain, mmoja wa wasimulizi wao. Katika nakala mojawapo, ya mchoro wa pango la Sehonghong, watu wanamvuta mnyama mkubwa kwa kamba. Qing alikuwa amesema mnyama yule ni nyoka, na kwamba yote yale yanatendeka chini ya maji. Diaǃkwain akasema ni mnyama wa mvua, na wanaomvuta wanampitisha juu ya nchi ili mvua inyeshe.

Thamani ya kumbukumbu hii haimo katika ubora wa nakala. Picha ya simu ya leo ingeonyesha mengi zaidi. Thamani yake ni kwamba tunajua nani alisema nini, kuhusu mchoro upi, na maneno yake yalipita mikononi mwa nani kabla ya kutufikia. Wafasiri wawili wametofautiana, na kila mmoja amebaki na jina lake. Hoja ya makala haya ni kwamba tovuti shirikishi za ngano na michoro ya miambani zimekuwa hodari katika kuhifadhi picha na dhaifu katika kumhifadhi msemaji, na kwamba maboresho yajayo hayana budi kuanzia hapo.

Kazi iliyokwisha kufanyika ni kubwa na inastahili heshima. Daftari za Bleek na Lloyd, zenye kurasa zaidi ya 12,000, ziliingizwa mwaka 1997 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cape Town kikazifungua kwa umma mtandaoni. Kwa mara ya kwanza msomaji aliye popote aliweza kuona mwandiko wa Lloyd, lugha ya ǀXam upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, pamoja na michoro ya rangi ya vijana wa Kiǃkun walioishi nyumbani kwake. Kuanzia 2013 Makumbusho ya Uingereza nayo ilianza kuorodhesha mtandaoni picha zipatazo 25,000 za michoro ya miambani ya Afrika, zilizokusanywa na TARA, taasisi yenye makao yake Nairobi. Lakini hifadhi hizi mbili zimesimama mbalimbali. Ya kwanza ina sauti nyingi na miamba michache. Ya pili ina miamba mingi na sauti chache.

Kwa Tanzania, mahali pa kupimia hoja hii ni Kondoa. Eneo la michoro ya Kondoa, lenye kilomita za mraba 2,336 kwenye miteremko inayopakana na Bonde la Ufa, liliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Idadi kamili ya mapango yake haijulikani. Makadirio yanaanzia 150 na kufika 450. Mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili michoro hiyo mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Kati ya michoro iliyopata umaarufu kutokana na kazi yake ni ule wa Kolo, kijiji cha Kondoa, wenye watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, mmoja wao akiwa katikati ameshikwa mikono na wenzake wa pande zote mbili. Leakey aliona ndani yake jaribio la kumteka mwanamke. Watafiti waliofuata hoja za David Lewis-Williams, mtaalamu wa michoro ya Wasan, wakaona kitu kingine kabisa: ngoma ya tiba, ambamo aliyepagawa hushikwa na wenzake asianguke.

Tofauti hii si ndogo. Usomaji wa kwanza unatupa kisa cha jeuri. Wa pili unatupa ibada na huruma. Hata hivyo jina la Kiingereza linalotaja utekaji lingali linauandama mchoro huo vitabuni na mtandaoni, na mwanafunzi anayeukuta kwa mara ya kwanza hupewa hukumu kabla hajapewa nafasi ya kutazama. Maelezo mafupi chini ya picha yana nguvu kubwa kwa sababu hayana mwenyewe. Yanasomeka kama ukweli wa picha, kumbe ni rai ya mtu mmoja katika mwaka fulani.

Tena kuna msemaji wa tatu, ambaye mara nyingi hakuulizwa. Pango la Mungumi wa Kolo ni mahali pa tambiko. Warangi, wenyeji wa Kondoa, huenda huko kuomba mvua na uponyaji, na katika tambiko pombe hunyunyizwa mwambani, juu ya michoro yenyewe. Kwa mhifadhi, hilo ni doa linalofuta rangi. Kwa wazee wa mila, ndilo linalolifanya pango liendelee kuwa na kazi. Mtaalamu wa Kitanzania Emmanuel Bwasiri ameonyesha kwa kina jinsi Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilivyojengwa kulinda vitu na kuuacha nje urithi hai wa namna hii. Tovuti inayoonyesha picha safi za mwamba, bila alama ya pombe na bila neno la mzee, imekwisha kuchagua upande katika mgogoro huo, hata kama mjenzi wake hakukusudia.

Nayajua mapingamizi. Itasemwa kwamba Warangi hawakuchora picha nyekundu; walifika baadaye, kwa hiyo maneno yao hayawezi kufafanua kazi ya watu wa kale. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kujua mchoraji alikusudia nini ni swali moja; kujua mwamba umekuwa nini kwa watu wanaoishi nao ni swali jingine, na UNESCO iliitambua Kondoa kwa yote mawili: ushahidi wa kale na mila inayoendelea. Isitoshe, hata kuhusu uchoraji wenyewe mlango haujafungwa. Eric ten Raa, aliyefanya utafiti kwa Wasandawe, majirani wa Warangi, alichapisha mwaka 1971 ushahidi unaoihusisha michoro na jamii iliyokuwa hai, na mila zake. Simulizi zilizokusanywa Usandawe zina haki ya kukaa karibu na picha za Usandawe, zikiwa na majina ya waliozitoa.

Basi kinachohitajika ni kubadili muundo wa kumbukumbu yenyewe. Mtumiaji akigusa umbo la mtu au la pofu kwenye picha, asikutane na maelezo mamoja yasiyo na mwenyewe. Akutane na kauli kadhaa, kila moja ikiwa na jina la aliyeitoa, mwaka, lugha, na jina la aliyeiandika au kuirekodi: sauti ya mzee kwa Kirangi au Kisandawe ikiwa na maandishi ya Kiswahili, kisha Leakey, kisha wapinzani wake. Kauli mpya iongezwe bila kuifuta ya zamani. Kazi hii ni ya kanzidata ya kawaida. Haidai mtambo wa ajabu. Ugumu wake ni wa kibinadamu, maana inamtaka mtafiti akubali kauli yake ipangwe sawa na ya mtu asiye na shahada.

Kanuni hiyo hiyo iiguse picha iliyorekebishwa. Programu ya DStretch, iliyotengenezwa na Jon Harman mwaka 2005, huvuta tofauti za rangi na kuibua maumbo ambayo jicho haliyaoni tena. Kwa michoro ya Kondoa iliyofifia ni msaada usiokadirika. Lakini zambarau na kijani inazozitoa hazimo mwambani, na mtazamaji ana haki ya kuambiwa hivyo, na ya kuiona picha asilia pembeni.

Suala la nani aone nini ni gumu zaidi. Huko Kolo watu wamechimba chini ya mapango wakitafuta dhahabu inayodhaniwa kufichwa na Wajerumani. Kuweka mahali halisi pa kila pango kwenye ramani ya wazi ni kuwapa wachimbaji hao dira. Chongoni, nchini Malawi, iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka huo huo wa 2006, ina michoro myeupe ya Wachewa inayohusiana na unyago wa wasichana na chama cha siri cha nyau, mambo ambayo wenyewe hawayatangazi kwa kila mtu. Wapo watakaosema kwamba kuzuia ni kuinyima elimu uhuru wake. Lakini elimu ya unyago tangu mwanzo ilikuwa na ngazi zake, na aliyeipata alipaswa kuwa tayari kuibeba. Waaborijini wa jamii ya Warumungu, Australia, walishirikiana na watafiti kuunda mfumo wa Mukurtu, ambamo jamii yenyewe inaamua picha ipi ionekane na nani. Mfumo huo hutolewa bure. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia utumike Kondoa.

Yaliyobaki yanasemeka kwa ufupi. Tovuti inayofunguka vizuri kwenye kompyuta ya chuo tu, kwa Kiingereza tu, haijawafikia watu wa Kolo. Picha nzito zitanguliwe na nyepesi, sauti ziweze kupakuliwa mara moja na kusikilizwa bila bando, na Kiswahili kiwe lugha ya kuongozea tovuti nzima. Nakala kamili ikae Kondoa kwenyewe, katika shule na ofisi ya mambo ya kale, kwa kuwa miradi ya wafadhili ina tarehe ya kwisha.

Lugha ya Waǀxam haina tena msemaji. Tulicho nacho ni walichokisema wasimulizi ǁKabbo, Diaǃkwain na wenzao kwa sababu mtu aliketi akaandika na majina yao. Kirangi na Kisandawe vingali vinasemwa, na wazee wanaojua mambo ya Mungumi bado wapo. Idara ya Mambo ya Kale na vyuo vyetu wawaendee sasa, wakiwa na kinasa sauti na hati ya makubaliano, kabla ya kununua kamera nyingine.