Mto Mmoja, Miji Miwili

Watu wengi wakiulizwa ni vitu gani vilivyookoa maisha ya binadamu, hutaja sindano, vidonge na chanjo. Mimi huongeza kitu ambacho hakina heshima kubwa machoni pa watu, nacho ni mchanga.

Kuchuja maji si elimu ngeni kwetu. Nyumbani, mama alikuwa akifunga kitambaa cheupe mdomoni mwa mtungi kabla ya kumimina maji ya kisimani. Majani na viluwiluwi vilibaki juu ya kitambaa, nasi tulikunywa tukiwa na imani. Lakini kitambaa kina mwisho wake, kwani vijidudu vya maradhi ni vidogo mno na vingi hupenya. Mchanga huenda mbali zaidi. Mwaka 1804, huko Paisley, Scotland, bwana mmoja aitwaye John Gibb alichuja maji kwa mchanga kwa ajili ya kiwanda chake cha kung'arisha nguo, na yaliyobaki akawauzia watu wa mjini. Mwaka 1829 mhandisi James Simpson akajenga chujio kubwa la namna hiyo jijini London. Maji huachwa yashuke polepole kupita katika mchanga, na baada ya siku kadhaa utando wa utelezi hujijenga juu yake. Utando huo una uhai, na ndio unaonasa na kula vijidudu. Simpson hakulijua hilo. Yeye alitaka maji maangavu tu.

Mfano unaonigusa kuliko yote uko Ujerumani, katika mto Elbe. Mji tajiri wa Hamburg ulikuwa ukingoni mwa mto huo, na pembeni yake, upande wa chini, ulikuwako mji mdogo wa Altona, uliokuwa chini ya Prussia. Hamburg ilivuta maji yake upande wa juu na kuyapeleka majumbani bila kuyachuja. Altona ilivuta maji yake chini zaidi, huko Blankenese, mahali ambapo mto ulikwisha kupokea majitaka ya miji yote miwili. Kwa akili ya kawaida, Altona ndiyo iliyostahili kuangamia. Lakini tangu mwaka 1859 Altona ilikuwa ikiyapitisha maji yake katika mchanga.

Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Maji ya bahari yalipojaa yaliusukuma uchafu kurudi juu hadi kwenye midomo ya mabomba ya Hamburg. Katika majuma machache watu wapatao 8,600 walikufa katika mji huo. Altona walikufa mia tatu na kidogo, na wengi wao inasemekana walikuwa wameyapata maradhi Hamburg.

Mpaka wa miji hiyo ulipita katika mtaa wa Schulterblatt. Daktari Robert Koch, aliyetumwa na serikali kuchunguza, aliona jambo la ajabu hapo. Upande wa Hamburg watu waliugua, na upande wa Altona walisalimika, ingawa hewa, udongo na umaskini vilikuwa vilevile. Tena, upande huohuo wa Hamburg palikuwa na nyumba za watu zaidi ya 300 waliokuwa wakipata maji ya Altona. Hao nao kipindupindu kiliwapita. Koch alipotembelea vichochoro vya maskini alisema kwamba amesahau kuwa yuko Ulaya. Maneno hayo hunifikirisha mimi Mwafrika, kwani mwaka huohuo meli za kutoka Hamburg zilikuwa zikileta watawala katika pwani yetu.

Je, Hamburg haikujua? Ilijua. Wafanyabiashara na wenye majumba walioutawala mji walibishana miaka mingi juu ya gharama, na wataalamu kama Max von Pettenkofer wa Munich waliwapa kisingizio kwa kushikilia kwamba maji si mkosaji mkuu. Maradhi yalipofika, ujenzi wa machujio ulikuwa umeanza lakini haujakwisha. Maji yaliyochujwa yalianza kutoka mabombani Mei 1893. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hamburg ilijenga ukuta wake juu ya makaburi.

Lakini hata Altona haikuwa na haki ya kulala usingizi. Majira ya baridi ya mwaka 1893 barafu iliharibu mojawapo ya machujio yake, na kipindupindu kikapenya kwa muda. Ndipo Koch akasisitiza kwamba kila chujio lipimwe peke yake, kila siku. Chombo hiki hakijengwi kikaachwa. Hutaka mtu wa kukilinda.

Ndugu msomaji, mwaka 2015 kipindupindu kililipuka Dar es Salaam, miaka zaidi ya 120 baada ya Schulterblatt. Katika miji yetu nayo kuna mitaa ambapo upande mmoja maji ni salama na wa pili sivyo. Altona iliunganishwa na Hamburg mwaka 1938, na leo mtaa ule hautenganishi miji tena. Ningependa na mipaka yetu ifutike hivyo, kabla hatujaanza kuhesabu maiti.