Fumbo la "Madoadoa": Udokezi na Uwajibikaji wa Kisheria katika Siasa za Kenya, 1991–2022

Katika matumizi ya kawaida, madoadoa ni alama ndogo ndogo zilizotapakaa juu ya kitu: juu ya ngozi ya chui, kwa mfano, au juu ya nguo iliyochafuka. Neno lenyewe halina tusi. Hata hivyo, katika Bonde la Ufa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wasikilizaji wa mikutano ya hadhara walilielewa kumaanisha majirani waliotoka kwingine, hasa wale ambao kura yao ilitarajiwa kwenda upande wa pili. Septemba 1991, wanasiasa wa KANU walifanya mikutano Kapsabet na Kapkatet kudai majimbo; mwishoni mwa Oktoba mapigano yalizuka Meteitei, Nandi. Aliyesema "doa" hakuhitaji kutaja kabila. Waliofukuzwa mashambani walijua ni akina nani.

Methali husema kuwa fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu huling'amua. Jukwaa la siasa liligeuza mpangilio huo: umati wote ukawa mwerevu, na aliyelazimika kujifanya mjinga akawa hakimu.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ambazo Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kutokana nazo, Bunge lilipitisha Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008. Kifungu cha 13 kinaadhibu maneno ya vitisho, matusi au dharau, iwapo msemaji alikusudia kuchochea chuki ya kikabila au iwapo, kwa kuzingatia mazingira yote, chuki hiyo yaelekea kuchochewa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Waandishi wa sheria, kwa hakika, waliona mbali: mazingira yalifanywa mlango wa pili pale nia isipothibitika. Lakini mlango huo haufikiki kabla ya kuvuka kizingiti cha kwanza, kwani sharti neno lenyewe liwe la kutisha, kutukana au kudharau. Hapo ndipo mwanasiasa hujificha nyuma ya kamusi.

Januari 2022 neno hilo lilisikika tena katika mkutano wa kampeni Eldoret. Nje kidogo ya mji huo ndipo lilipokuwa kanisa la Kiambaa, lililoteketezwa pamoja na watu waliokimbilia humo tarehe 1 Januari 2008. Msemaji, seneta wa wakati huo, alikamatwa siku iliyofuata. Aliomba radhi, akaeleza kuwa alikusudia wagombea wasio wa chama chake, si kabila lolote. Utetezi huo haukuwa wa kipuuzi: kisarufi unawezekana kabisa, na ndiyo sababu neno hilo lilikuwa limedumu miaka thelathini.

Mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano ilichapisha orodha ya maneno ya chuki, "madoadoa" na "mende" yakiwamo, pamoja na "hatupangwingwi", kaulimbiu ya kampeni. Orodha ya aina hiyo hukamata neno la jana. Msemaji hubaki huru kuokota jingine sokoni, lisilo na historia bado, na kuliachia umati ulifumbue.